Kuunganisha Tangi la Samaki na Sampu Bila Kutoboa Kioo

"Kaka, nimenunua tangi la futi nne, kioo hakijatobolewa, nataka kuweka sampu chini. Nifanyeje?"

Sampu ni tangi dogo la chini: maji ya samaki yanashuka humo kuchujwa, kisha pampu inayarudisha juu. Swali hili hunifikia karibu kila wiki, na wengi wanaouliza wameshaanza kazi. Mmoja ameweka pampu mbili, ya juu inashusha na ya chini inapandisha. Mwingine amening'iniza mpira kama dereva anayenyonya petroli, akitumaini kwamba kinachoshuka kitalingana na kinachopanda. Havilingani kamwe. Pampu mbili za kampuni moja, zilizonunuliwa siku moja, zitapishana hata kwa glasi moja ya maji kwa dakika, na ukilala saa nane hiyo ni ndoo kadhaa sakafuni. Kama umefunga hivyo, chomoa sasa, kisha urudi kusoma.

Mimi ninafuga mbuna wa Ziwa Nyasa, Dar es Salaam, ghorofa ya tatu. Mbuna wanakula sana, wanachafua maji sana, na sampu ndiyo iliyonipa amani. Lakini mwaka wa kwanza niliamshwa na jirani wa chini akigonga mlango saa tisa usiku, maji yanamdondokea kitandani. Sifoni, yaani maji yanayojivuta yenyewe ndani ya bomba kuvuka ukingo wa kioo, ilikuwa imekatika, pampu ikaendelea kusukuma. Tangu siku hiyo sijaiamini ovaflo yoyote ya kuning'iniza (bomba la kushushia maji kwenye sampu kwa sifoni), ya dukani wala ya kujitengenezea. Ninachokiamini ni hesabu: kila kitu kikiharibika kwa pamoja, maji yawe na mahali pa kukaa. Ukiruka hesabu ya hatua ya kwanza, hatua nyingine zote hazina faida.

Kwanza jiulize kama unahitaji njia hii

Kama tangi bado ni tupu na limetengenezwa na fundi vioo wa mtaani kwa kioo cha kawaida, nakushauri ulitoboe. Tundu kwenye kioo halipotezi sifoni. Njia ya kuning'iniza inakufaa kama tangi lina samaki tayari, kama umepanga na huwezi kuhatarisha kitu cha watu, au kama kioo ni kile kilichoimarishwa kwa moto (tempered), ambacho drili ikikigusa kinasambaratika chote vipande vidogo kama kioo cha dirisha la pembeni la gari. Matangi mengi ya kiwandani yana kioo cha namna hiyo kwenye kitako, na mengine hata pembeni.

Majina ya sehemu, ili tuelewane

Ovaflo tunayotengeneza ni bomba moja refu lenye mikunjo. Maji yanaingia kwenye mdomo, bomba lililosimama ndani ya tangi, lenye mianya juu. Yanashuka na kupinda kwenye U ya ndani, yanapanda, yanavuka ukingo wa kioo kwenye daraja, yanashuka nyuma ya tangi, yanapinda tena kwenye U ya nje, kisha yanapanda hadi kwenye tii, kiungo chenye umbo la T. Ukingo wa chini wa tawi la tii ndio kizingiti: maji yakifika hapo yanamwagika kuingia mshuko, bomba linalokwenda kwenye sampu. Juu ya tii pako wazi, hewa inapita.

U mbili zina kazi moja tu. Umeme ukikatika, maji ya tangini yanashuka hadi chini ya mianya na kusimama, lakini miguu yote miwili ya sifoni inabaki imezama. Hewa haipati njia ya kuingia. Umeme ukirudi, maji yanapanda kidogo tu na mtiririko unaanza wenyewe. Nadharia ni hiyo, haina zaidi.

Vifaa

- Bomba la PVC la inchi moja, mita 3. Madukani huuzwa la mita 6, mwombe muuzaji akukatie nusu.
- Kona saba za nyuzi 90 na tii moja, zote za inchi moja, za kugundisha, si za kufunga kwa nati.
- Gundi ya mabomba, msasa, msumeno wa chuma, drili yenye meno ya mm 4 na mm 5.
- Mpira mwembamba wa hewa mita 2, koki ndogo ya plastiki na vali ya hewa ya njia moja. Vyote vipo kwenye maduka ya samaki. Mpira ukikosekana, ule wa dripu unafaa.
- Bomba la sindano la ml 60 kutoka duka la dawa.
- Pampu ya kurudisha maji. Usidanganywe na namba ya kwenye boksi, hiyo ni ya pampu isiyopandisha maji popote. Kwa kupandisha mita moja na kitu, pampu iliyoandikwa lita 2,000 kwa saa inaweza kukupa nusu yake.
- Bomba au mpira wa robo tatu wa kurudishia, na vali yake.
- Filta ndogo ya kuzamisha yenye kitundu cha kuvutia hewa, ile inayokuja na kimpira cha kutoa viputo. Tutaitumia kwa kazi nyingine kabisa.
- Swichi ya floti. Kama unajua floti ya simtanki, wazo ni lilelile.
- Ndoo ya lita 20, pima maji, tepu ya kupimia, maka peni, mataulo ya zamani.

Hatua

1. Piga hesabu ya maji kabla hujakata hata bomba moja.

Natumia tangi langu kama mfano: urefu sm 120, upana sm 45, kimo sm 45. Zidisha urefu kwa upana, gawanya kwa 1,000: sm moja ya maji ni lita 5.4. Sampu yangu ni sm 75 kwa sm 35, kwa hiyo sm moja ni lita 2.6.

Sasa swali la kwanza: *sifoni ikikatika na pampu ikaendelea, maji kiasi gani yatapanda tangini?* Jibu ni yale yaliyomo kwenye chumba cha pampu tu, kwa sababu chumba hicho kikikauka pampu haina cha kusukuma. Chumba changu ni sm 20 kwa sm 35, na juu ya mdomo wa pampu pana sm 15 za maji. Hizo ni lita 10.5. Gawanya kwa 5.4: tangi litapanda kama sm 2. Mimi huendesha tangi likiwa na sm 4 tupu juu. Nina sm 2 za ziada, nalala.

Swali la pili: *umeme ukikatika, maji kiasi gani yatashuka kwenye sampu?* Kwangu maji hutembea sm 4 chini ya ukingo, na mianya inaishia sm 5.5 chini ya ukingo. Tofauti ni sm 1.5, yaani lita 8. Ongeza lita moja au mbili za kwenye mabomba: kama lita 10. Kwenye sampu hizo ni karibu sm 4. Naacha sm 8.

Weka namba zako mwenyewe. Kama jibu la swali la kwanza linazidi nafasi uliyonayo juu ya tangi, punguza chumba cha pampu kwa kukisogeza kioo cha ndani ya sampu. Usiseme "nitakuwa naangalia". Saa tisa usiku huangalii.

2. Panga sampu.

Vyumba vitatu vinatosha: maji yanapoingia na kupita kwenye sponji, kisha vifaa vya kukalia bakteria wanaosafisha maji, mwisho chumba kidogo cha pampu. Vioo vya kugawanya ndivyo vinavyoshikilia maji ya vyumba viwili vya kwanza yasifuate pampu. Kama unaishi Mbeya, Iringa au Arusha na unatumia hita, iweke chumba cha katikati. Kwenye chumba cha pampu maji yakiisha, hita itabaki nje ya maji ikiwa inawaka, na kioo chake kitapasuka. Sisi wa Pwani hita tunaisoma tu.

3. Kata mabomba, panga bila gundi.

Usipime urefu wa bomba peke yake, kwa sababu kona zinakula na kuongeza. Panga vipande, simamisha kando ya tangi, pima kuanzia ukingo wa kioo kwenda chini:

- juu ya mdomo: sm 2.5 chini ya ukingo;
- mwisho wa mianya: sm 5.5;
- kizingiti: kama sm 15 kwa kuanzia;
- vitako vya U zote mbili: sm 25 au zaidi.

Daraja lipite karibu na ukingo iwezekanavyo. Kadiri linavyokaa juu, ndivyo viputo vinavyojikusanya upesi.

Watu huniuliza kwa nini kizingiti kiko chini hivyo wakati michoro mingi inakionesha sawa na mianya. Ni kwa sababu kona sita na bomba la inchi moja zinayabana maji. Kwa lita 1,000 kwa saa, maji yanahitaji anguko la karibu sm 8 kati ya mdomo na kizingiti ili yapite. Ukikiweka kizingiti juu, tangi ndilo litakalopanda kutafuta anguko hilo, na ukingo wa kioo hauko mbali.

Halafu kuna wenye wazo la kuweka bomba la inchi mbili "ili liwe salama". Si salama. Kwenye bomba pana maji yanatembea polepole, hayana nguvu ya kusukuma viputo, na viputo vikijaa darajani sifoni imekwisha. Inchi moja kwa lita 900 hadi 1,000 kwa saa ni mahali pazuri. Ukihitaji zaidi, tengeneza ovaflo mbili, na kila moja iwe na mpira wake wa kuvuta hewa.

4. Kata mianya ya mdomo.

Kwa msumeno, kata mianya 14 hivi kuzunguka bomba la mdomo, kila mmoja urefu wa sm 3 na upana wa mm 3. Itabidi upitishe msumeno mara mbili kwa kila mwanya. Safisha mabaki kwa msasa. Juu ya bomba paache wazi, weka wavu tu: mianya ikiziba, maji yatapita hapo kabla hayajafika ukingo wa tangi.

5. Toboa tundu la hewa darajani.

Sehemu ya juu kabisa ya daraja, toboa tundu dogo kidogo kuliko mpira wa hewa. Mpira wa mm 5 upewe tundu la mm 4. Kata ncha ya mpira mshazari, ipitishe, uvute mpaka ikaze. Isiingie ndani zaidi ya mm 2 au 3, la sivyo itaacha hewa juu yake isiyovutika kamwe.

6. Gundisha nusu ya juu.

Gundisha U ya ndani, daraja na mguu wa nje mpaka kona ya chini. Kwaruza kwa msasa, paka gundi pande zote mbili, sukuma huku ukizungusha robo, shikilia nusu dakika. Acha usiku mzima, kisha suuza kwa maji mengi.

Usigundishe bomba linalopanda kwenda kwenye tii. Hilo utalirekebisha baadaye.

Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanaona kiungo cha juu hakidondoshi maji, wanadhani kiko salama. Ndani ya daraja kuna mvuto. Kiungo kibovu cha pale juu hakitoi maji nje, kinaingiza hewa ndani, kimyakimya, mpaka siku sifoni inakatika.

7. Tafuta pancha.

Fanya kama fundi baiskeli. Ziba ncha mbili kwa viganja, au kwa mfuko na mpira wa manati, zamisha daraja kwenye beseni, puliza kupitia mpira wa hewa. Kiputo kimoja kikitokea kwenye kiungo, rudia gundi. Tundu la mpira wa hewa lizungushie silikoni safi isiyo na dawa ya kuzuia kuvu.

8. Funga kwenye tangi.

Daraja likae juu ya ukingo likiwa limelala sawa kwa pima maji, au limeinuka kidogo upande wenye tundu la hewa. Weka kipande cha mpira laini kati ya bomba na kioo. Unganisha tii na mshuko. Mshuko usiwe na vali, na usizame zaidi ya sm 2 kwenye maji ya sampu. Juu ya tii unganisha kibomba kifupi kinachopita kimo cha tangi, ukifunike kwa kifuniko chenye tundu dogo ili kupunguza kelele. Usikizibe kabisa.

9. Bomba la kurudisha.

Vali ya kupunguza mtiririko ikae hapa, upande wa pampu, si penginepo. Kisha toboa tundu la mm 5 kwenye bomba hilo, sm 1 chini ya kiwango cha kawaida cha maji ya tangini. Umeme ukikatika bomba hili nalo linageuka sifoni, linarudisha maji chini. Tundu likitokeza juu ya maji, linavuta hewa na kuikata. Bila tundu, pua ya bomba iliyozama sm 20 ingeshusha lita zaidi ya 80 kwenye sampu yangu, na sampu haina pa kuziweka.

Vali ya njia moja badala ya tundu? Hapana. Konokono mmoja au kipande cha mwani kinatosha kuiacha wazi. Iweke kama nyongeza ukipenda.

10. Mpira wa kuvuta hewa.

Zamisha ile filta ndogo ndani ya tangi, angalau sm 15 chini. Mpira wa darajani upitishe kwenye koki, kisha vali ya njia moja, halafu uunganishe kwenye kitundu cha filta cha kuvutia hewa. Vali iruhusu hewa itoke darajani, isirudi. Kwa hiyo kila umeme unaporudi, filta inaanza kunyonya hewa iliyojikusanya. Hata sifoni ikiwa imekufa, nyingi hufufuka hapa zenyewe.

11. Umeme.

Soketi iwe juu au pembeni, isiwe chini ya tangi wala ndani ya kabati la sampu. Ekstensheni uitundike ukutani, isilale sakafuni. Kila waya uning'inie chini kidogo kabla ya kupanda kwenye soketi, ili tone la maji linalotambaa kwenye waya lidondoke pale kwenye mkunjo. Mwombe fundi umeme akufungie swichi inayojikata umeme unapovuja. Na mkono usiingie majini kabla hujazima.

Swichi ya floti ifunge ndani ya tangi, sm 2.5 chini ya ukingo, izime pampu ya kurudisha maji yakifika hapo. Hii ni ulinzi wa pili. Wa kwanza ni hesabu yako. Floti hukwama, kama ile ya kwenye simtanki inavyokwama.

12. Washa.

Jaza tangi mpaka maji yapite mianya. Mimina maji juu ya tii mpaka U ya nje ijae hadi kizingiti. Usipofanya hivyo utavuta hewa kwa sindano mpaka kesho. Chomeka bomba la sindano kwenye mpira wa hewa, vuta, funga koki, toa hewa, fungua, vuta tena. Mara tano au sita zinatosha. Maji yataanza kuvuka yenyewe. Usivute kwa mdomo, maji ya samaki si ya kunywa.

Unganisha mpira kwenye filta, washa filta, kisha washa pampu vali ikiwa nusu. Pima mtiririko kwa ndoo: lita 20 zikijaa kwa sekunde 72, una lita 1,000 kwa saa.

Sasa chungulia ndani ya mdomo. Ukiona maji yanaanguka kwa kishindo kirefu ndani ya bomba, yanachanganyika na hewa na kuipeleka darajani. Weka bomba refu zaidi chini ya tii, ili kizingiti kiinuke. Maji ya ndani ya mdomo yakae sm 2 au 3 chini ya mianya. Ukiona tangi lenyewe linapanda kupita pale ulipopanga, shusha kizingiti. Andaa vipande vitatu vya urefu tofauti. Mataulo ni ya kazi hii, kwa sababu kiungo kisicho na gundi kitadondosha. Ukipata kimo sahihi, zima, kausha, gundisha.

13. Weka alama mbili kwenye sampu.

Kwa maka peni, chora mstari wa kiwango wakati pampu inafanya kazi, na mwingine wakati imezimwa. Maji yanayopungua kwa joto utayaona kwenye chumba cha pampu peke yake. Usiongeze maji umeme ukiwa umekatika kwa kutazama mstari usio wake. Nimeona mtu akiongeza ndoo nzima namna hiyo.

Majaribio kabla ya samaki

Fanya haya mchana, ukiwepo, na kama inawezekana juu ya sakafu isiyo na zulia.

*La kwanza.* Zima kila kitu kwenye swichi ya ukutani, subiri dakika tano, washa. Rudia mara kumi. Sampu isifike ukingo, na sifoni ijirudishe mara zote kumi. Tisa kati ya kumi ni kufeli. Umeme utakatika, au luku itaisha usiku, na hutapewa nafasi ya kumi na moja.

*La pili.* Chomoa floti, pampu ikiwa inasukuma, chomoa mpira wa hewa kwenye koki ili sifoni ife makusudi. Simama uangalie. Chumba cha pampu kikauke, tangi lipande na kusimama chini ya ukingo. Zima pampu mara ikianza kuvuta hewa, isije ikaungua. Kama maji yamefika ukingo, rudi hatua ya kwanza.

*La tatu.* Rudisha sifoni, funika mdomo wote kwa mfuko, matokeo yawe yaleyale. Kisha rudisha floti, ipandishe kwa kidole: pampu izime.

Baada ya hapo iache ifanye kazi siku nzima ukiwa nyumbani.

Ikisumbua

*Inakoroma au inagugumia.* Mara nyingi kifuniko cha juu ya tii kimeziba au kina tundu dogo mno. Kama sauti inatoka ndani ya tangi, maji yanaanguka mbali ndani ya mdomo. Inua kizingiti kidogo.

*Viputo vinarudi darajani hata filta ikiwa inanyonya.* Angalia kwanza kama mpira umejikunja au una mwani. Kama ni mzima, paka mafuta mgando kiungo kimoja baada ya kingine. Viputo vikikoma, umekipata kiungo kibovu. Kigundishe upya, mafuta si matengenezo.

*Tangi linapanda kidogo kila wiki.* Mianya inaziba. Mimi huisafisha kwa mswaki kila wiki mbili, na kila miezi mitatu huvua bomba zima na kupitisha kamba yenye kitambaa. Konokono wanapenda sana U ya ndani.

*Sifoni haijirudishi umeme ukirudi.* Tazama vali ya hewa, huenda umeifunga kinyume, inaruhusu hewa kurudi. La pili, filta iko juu mno, maji yakishuka inabaki nje na kuingiza hewa. La tatu, U ya ndani ni fupi. Kitako chake lazima kiwe chini ya kizingiti kwa sm 10 walau.

*Sampu inajaa kupita mstari umeme ukikatika.* Tundu la bomba la kurudisha limeziba. Lichokoe kwa kijiti cha meno. Mwani hupenda pale kwa sababu pana mwanga.

*Chumba cha pampu kinakauka kila siku.* Inaweza kuwa joto tu. Weka ndoo ya maji kando ya tangi, uchore alama; kama ndoo nayo inashuka, huenda ni joto. Usitarajie ishuke sawa na chumba cha pampu, kwa sababu chumba hicho kidogo kinabeba upungufu wa tangi zima. Kama ndoo imebaki palepale, pitisha karatasi kavu ya chooni chini ya kila kiungo cha nje.

*Kuna samaki kwenye sampu.* Ni wale watoto wa mbuna, mama akishawatema kinywani wanapita kwenye mianya ya mm 3 bila shida na kushuka na maji mpaka chini. Mara ya kwanza nilikuta sita. Ukitaka kuwazuia, funga wavu laini kwenye mdomo, na uusafishe kila baada ya siku mbili. Mimi nimeacha. Huwa nawarushia chakula kidogo kwenye chumba cha katikati mpaka wafikie ukubwa wa kidole, kwa sababu huko chini hakuna mkubwa wa kuwameza.